Kiondo Kitupu

Syokau alishona kifurushi kile kwa mishono mitatu, mmoja juu ya mwingine, na bado roho yake haikutulia. Alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi kwenye varanda za soko la Machakos, na kufunga kitambaa kisifunguke ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Alichokiogopa ni mikono ya watu wa posta. Hajawahi kuiona ikiiba, ila amesimuliwa, tena sana.

Aliyemsimulia ni Mumo, muuza mitumba wa meza ya pili. Mumo hakukosa hadithi. Ati shemeji yake alitumiwa viatu kutoka Ujerumani, vikafika vya mguu mmoja. Ati bibi mmoja wa Tala alitumiwa saa, akapokea boksi na pamba. "Wewe ukienda, usiwaambie kitu," Mumo akamwambia. "Ukiandika ni cha maana, umewaonyesha mlango."

Na kilichokuwa ndani kilikuwa cha maana hasa. Kilikuwa kiondo cha mwisho cha Nzilani, mama yake Kamanthe. Kamanthe na Syokau walicheza pamoja, wakabatizwa siku moja, wakalala kitanda kimoja shuleni. Kisha Kamanthe akaenda Uingereza kuwa nesi, mwaka wa themanini na tano, na tangu hapo barua zake zilikuja tatu tu. Hata mama yake alipozikwa hakuja. Watu walisema mengi juu ya hilo. Syokau hakusema kitu, lakini lilimkaa kifuani.

Kile kiondo, Nzilani alikifikisha nusu. Kamba zake alizisokota mwenyewe pajani, nyembamba, akazitia rangi kwa mizizi aliyoichimba mwenyewe, maana rangi za dukani alizidharau. Mzungu mmoja aliyepita sokoni alikiona mikononi mwa Syokau akataka kukinunua kwa bei ya mbuzi wawili, na Syokau akakifunika na leso. Nzilani mwenyewe, siku chache kabla ya kukata roho, alikuwa amempa kazi: "Kimalizie. Umpelekee mwanangu. Na usikipeleke kitupu."

Hilo la mwisho hakuhitaji kuambiwa. Ukambani hakuna mwanamke anayempa mwenzake kiondo kikiwa kitupu, wala anayekirudisha hivyo. Utatia hata konzi ya mahindi, hata kiazi kimoja. Kiondo kitupu ni kumwambia mtu mmemalizana.

Basi Syokau akakimalizia kile kiondo, akachukua mbaazi za mbegu zilizobaki kwenye kibuyu cha marehemu, konzi moja, akazifunga kwa kitambaa. Akashona bitana ndani ya kiondo, chini kabisa, na kati ya bitana na kiondo akazificha. Kamanthe angepapasa tu angejua. Barua hakuweka. Barua aliapa kuiandika kiondo kikishafika, kwa sababu nazo barua husomwa njiani, na ukiandika "tafuta chini ya bitana" si umewatafutia wengine?

Hivyo ndivyo alivyofika posta asubuhi moja ya Machi, mwaka wa tisini na saba, amekumbatia kifurushi chake cha kitambaa cha marekani.

Karani wa dirisha la vifurushi aliitwa Muindi. Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini hivi, amevaa sweta ya kijivu iliyochakaa viwikoni. Alikitazama kifurushi, akaipitia ile mishono kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mwaitu," akasema, kama wanavyomwita mama yeyote wa heshima huko, "cha ng'ambo hakifungwi nyumbani. Kinafungwa hapa, nikishaona."

Akachukua wembe akaikata mishono yote mitatu. Syokau aliona kila uzi ukikatika. Muindi akakitoa kiondo, akakigeuza, akakitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. "Hii ni kazi ya zamani," akasema taratibu. Syokau moyoni akasema, ehe, ameanza.

Akapewa fomu ya kijani. Kilichomo. Thamani. Syokau akakumbuka maneno ya Mumo, akaandika kwa herufi zake kubwa za darasa la saba: *Kiondo kimoja kikuukuu. Kitupu.* Thamani akaandika shilingi hamsini. Kalamu ilikwama kidogo kwenye lile neno la mwisho, lakini alilimaliza. Ni fomu tu, akajiambia. Ni ya kuwapoteza wezi.

Muindi alisoma. Kisha akaingiza mkono ndani ya kiondo, vidole vikatambaa chini kwenye bitana, vikasimama. "Uko na kitu hapa ndani?"

"Si nimeandika kitupu."

"Nimeona umeandika." Akashusha sauti. "Nakuuliza tena, mwaitu. Kama kuna kitu, sema tu, tutaona vile tutafanya."

Hapo Syokau akamwelewa kabisa, au akadhani amemwelewa. Tutaona vile tutafanya. Nani mtu mzima wa nchi hii asiyejua maana ya maneno hayo? "Hakuna kitu," akasema kwa ukali, akalipia stempu, akakaa pale mpaka kifurushi kikashonwa upya na kupigwa muhuri wa lakiri. Akatoka akijua uso wa mwizi wake.

Wiki mbili baadaye katibu wa kanisa, maana Syokau alitumia sanduku la posta la kanisa, alimletea karatasi ndogo kutoka posta. *Fika ofisini haraka kuhusu kifurushi chako. Muindi.* Akamwonyesha Mumo. Mumo akacheka mpaka akashika meza. "Anataka chai huyo. Ukienda umeliwa." Syokau akaikunja ile karatasi akaitia chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukicheza. Ikasaidia. Ikaja ya pili, akaitupa jikoni.

Aprili ikapita. Mei ikapita. Kamanthe hakuandika. Kila Syokau alipopita posta aliona sweta ile ya kijivu dirishani, akageuza uso. Alimchukia yule mtu kikwelikweli. Alimchukia hata kwa jinsi alivyokunywa chai yake, taratibu, kana kwamba hana la kujibu mbele ya Mungu.

Mwezi wa Agosti ikaja karatasi ya tatu, lakini hii ilikuwa ya aina nyingine. Kifurushi kutoka Uingereza. Safari hii Syokau alifunika cherehani akaenda mbio.

Foleni ilikuwa ya watu saba au wanane. Zamu yake ilipofika, Muindi akatoa kifurushi, akakiweka juu ya kaunta, na Syokau akakijua kile kitambaa kabla hata hajasoma. Kilikuwa kile kile cha marekani alichokikata yeye. Kando kulibandikwa fomu ya kizungu, lakini kwenye nafasi ya kilichomo, Kamanthe alikuwa ameandika Kiswahili kwa mkono wake wenye kuinama: *Kiondo kimoja. Kitupu.*

Syokau alishika ukingo wa kaunta. Amekirudisha. Kiondo cha mama yake, na amekirudisha kitupu. Miaka yote ile, ubatizo, kitanda cha shule, yote imekatwa kwa neno moja. Na kwa nini? Kwa sababu alikipokea kitupu. Na kwa nini alikipokea kitupu? Syokau aliinua macho.

"Wewe," akamwambia Muindi, na sauti ikawa kubwa kuliko alivyotaka. "Ulitoa nini kwenye kiondo changu?"

Watu wa foleni wakanyoosha shingo.

"Nilikuona ukipapasa. Uliiba mali ya marehemu, na leo rafiki yangu amenirudishia kiondo bila kitu. Mwizi ni wewe. Hawa wote wasikie."

Mzee mmoja aliyebeba redio nyuma yake akaguna, "Wamezoea hao." Mwingine akasema afadhali umemwambia. Muindi akainama, akavuta droo ya chini, akatoa bahasha ya kaki. Juu yake palikuwa na namba ya kifurushi, tarehe, na jina la Syokau. Akaimimina mbele yake. Kilianguka kitambaa kidogo, fundo lake bado halijafunguliwa, na ndani yake mbaazi zikasikika.

"Mbegu haziingii Uingereza, mwaitu," akasema. "Maafisa wa ukaguzi wa huko wangeziona, na wewe umeandika kitupu, wangechoma zote, pamoja na kiondo. Nilikuuliza mara mbili. Nikakuandikia mara mbili. Nikangoja wiki tatu uje. Kisha nikafungua bitana, nikazitoa, nikaishona tena. Sishoni kama wewe."

Syokau alizitazama mbaazi. Karatasi ya kwanza bado ilikuwa chini ya mguu wa cherehani yake.

"Na hakikuenda kitupu," Muindi akaendelea, sasa kwa aibu kidogo. "Mimi pia ni Mkamba. Sikuwa na kitu cha kuweka, hapa kuna stempu tu. Nilinunua moja nikaiweka chini ya bitana." Kisha akakiinua kifurushi akakiweka kwenye mizani. "Na hiki nacho, tukifungue. Kilienda kilo moja na robo. Kimerudi kilo mbili na nusu. Kiondo kitupu hakinenepi."

Akakata mishono, na safari hii Syokau hakuhesabu nyuzi. Ndani ya kiondo, kwenye karatasi laini, ulilala mkasi wa fundi, wa chuma kizito, wa aina ile ambayo yeye na Kamanthe waliitazama kwenye dirisha la duka la Mhindi walipokuwa wasichana. Chini yake palikuwa na barua. Aliisoma hapo hapo, foleni ikingoja.

*Syokau, kiondo cha mama nilikipata. Nilipoona umeandika kitupu nililia siku mbili, nikasema nimestahili. Halafu nikapapasa chini, nikafumua bitana, nikakuta stempu moja ya Kenya, mpya. Ndipo nikaelewa. Umeniambia niandike. Miaka kumi na mbili, barua tatu, na mama nikamwacha azikwe na majirani. Hukunitukana, ulinipa stempu tu. Nakirudisha kwa sababu huku nimekitundika ukutani, na mama hakukifuma kikae ukutani. Kitie kitu unisubiri nacho. Desemba nakuja, tiketi nimelipa. Kwenye fomu nimeandika kitupu kwa sababu nawajua watu wa posta ya huko.*

Syokau alifika mwisho, akarudia pale pa stempu. Kamanthe anakuja. Anakuja kwa ajili ya stempu ambayo Syokau hakuiweka, aliyoiweka huyu mtu wa sweta ya kijivu, ambaye amemwita mwizi sasa hivi mbele ya watu wanane. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

Alifungua fundo la mbaazi. Akazigawa katikati kwa upande wa kiganja, nusu akazirudisha kwenye kitambaa, nusu akazisukuma chini ya kioo cha dirisha. "Chukua. Ni za mama yake Kamanthe. Uzipande mvua ikija."

Muindi alizitazama. Mkono wake ulisogea, kisha ukarudi. Macho yake yakapita juu ya bega la Syokau, yakaitazama foleni, yule mzee wa redio na wale wengine waliokuwa wamenyoosha shingo.

"Siwezi, mwaitu," akasema kwa sauti ya chini. "Wamesikia ukiniita mwizi. Wakiona nikipokea kitu, watasema ni kweli."

Syokau akaziacha mbaazi pale juu ya kaunta. Kisha akaigeukia foleni. Hakuwa mtu wa kuhutubia watu, hata kanisani alikaa viti vya nyuma.

"Huyu hakuiba. Mimi ndiye nilidanganya kwenye fomu. Niliandika kitupu na hakikuwa kitupu. Aliniita mara mbili nikakataa kuja. Sasa nampa mbaazi, konzi nusu, na mimi ndiye ninamlazimisha."

Watu wakatazamana. Mzee wa redio akamwangalia Syokau, akaziangalia mbaazi, akamwangalia Muindi.

"Mbaazi tu?" akauliza, na ilionekana haamini. "Hebu zieneze tuone kama chini hakuna pesa."

Syokau akatawanya mbaazi zote juu ya kaunta, moja moja, mpaka kila mtu kwenye foleni akaona hakuna kilichofichwa.