Kikao cha Kumkumbuka Pingamizi

Mkuu wa chuo alikuwa ameshikilia kipaza sauti kama mtu aliyekiokota njiani, akimvisha marehemu kilemba cha ukoka. Marehemu wakili, alisema, alikuwa mpole, mnyenyekevu, asiyejua kugombana. Binti wa marehemu, daktari wa meno, alikaa mstari wa mbele akimtazama mkuu mdomoni. Jino moja la juu lilifaa kung'olewa, na ulimi nao haukuwa mzima.

Baba yake, mpole? Chuo kizima kilimwita Pingamizi. Alisoma hapo, akafundisha sheria hapo, akakaa kwenye baraza la chuo mpaka kiti chake kikabonyea kwa umbo la makalio yake. Hakuna kikao kilichofungwa kabla hajapinga kitu: ada kupandishwa, majirani kuhamishwa ili magari ya wakubwa yapate maegesho, hata chai kupoa. Nyumbani alipinga posa ya binti yake kabla washenga hawajakaa vizuri. Na siku ngapi binti huyo alibaki peke yake kwenye geti la shule kwa sababu baba yuko kikaoni? Alimpenda, na alikuwa bado na hasira naye, na hakutaka kunyang'anywa hata kimoja. Ila mama alikuwa ameshamwonya: leo asithubutu kufungua mdomo.

"Kama hakuna pingamizi," mkuu akasema kwa mazoea, "tufunge."

Wajumbe wa baraza wakageuka wote kukitazama kile kiti kilichobonyea. Miaka yote, hapo ndipo mzee alipokohoa na kuinuka. Mkuu mwenyewe alisimama akingoja, hajui kikao kinafungwaje bila kupingwa. Binti naye alikitazama kiti. Wakifunga hivi, basi wamemzika mtu mwingine kabisa.

Akakohoa. Akainuka. Mama akamkamata sketi na kumvuta chini, lakini wapi.

"Napinga," alisema. "Baba hakuwa mpole. Alikuwa mbishi, alituchosha, na sasa nyumba imekuwa kimya mpaka inaniuma."

Mkuu akauliza, kama kanuni zinavyotaka, nani anaunga mkono pingamizi hilo.

Mkono uliokuwa umeshika sketi ukaachia, ukapanda juu kabla ya mikono mingine yote.