Bega la Kaka Anselmo

Kwetu Batangas, huku Ufilipino, mwanamume akimtaka msichana hasemi sana. Huja nyumbani kwao kila siku, akateka maji, akapasua kuni, akatwanga mpunga, mpaka msichana amwonee huruma. Siku hizo hakuna kiumbe mwenye nguvu kumshinda. Ndoa ikishafungwa, kiumbe huyohuyo huuliza kikombe kiko wapi, na kikombe kiko mbele yake. Mimi sikuolewa. Maji yangu nayateka mwenyewe, wala siulizwi kitu.

Doming alimtumikia Amparo, binti wa kaka yangu, mwaka na miezi saba. Kila asubuhi alipanda kutoka chemchemini na gongo begani, ndoo huku na ndoo huku, tone lisimwagike. Kisha mjomba wake akamwita kisiwa cha Mindoro kufyeka shamba. Angeondoka Jumatatu, naye aliomba jibu kabla ya hapo. Amparo alimpenda, nilimwona mara ngapi akimchungulia dirishani? Lakini hakujibu, na kaka Anselmo, ambaye moyoni alishamfanya Doming mkwe, akaudhika.

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Baba, na wewe ulimtumikia mama?"

"Miaka mitatu. Babu yako alikuwa na roho ngumu yule."

"Mara ya mwisho ulimtekea maji lini?"

Kaka akafikiri. "Jumamosi ile ya harusi."

"Ijumaa," akasema wifi yangu Bonifacia, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Jumamosi ulikuwa umeshavaa viatu."

"Basi hilo ndilo ninalongoja," Amparo akasema. "Nikimkubali leo, kesho ndoo ni zangu."

Kesho yake Doming alipofika hakuzikuta ndoo wala gongo. Kaka yangu alikuwa njiani anapanda kilima, miguu imepinda, ndoo zimebaki nusu na suruali imekunywa nusu nyingine. Doming akakimbia kumpokea.

"Niachie," kaka akahema. "Nakutetea, mjinga wewe."

Alienda siku ya pili na ya tatu. Bega likawa jekundu. Nilimcheka mpaka nikaona jambo lililonifunga mdomo: wifi, aliyezoea kufunga nywele kwa kamba ya mkonge, sasa alikuwa akizipaka mafuta ya nazi na kuzichana kabla mumewe hajarudi. Kahawa ya kwanza ikawa ya kaka, ikiwa bado ina moshi.

Jumapili Doming akaja na wazazi wake. Amparo alipofungua kinywa tu, mama yake akamvuta jikoni. Nilikuwa huko, nikasikia.

"Kijana nampenda hata mimi. Lakini mwanangu, usimjibu leo. Baba yako akisikia umekubali, atalitua lile gongo."

"Mama, Doming anaondoka kesho."

"Najua," wifi akasema, na machozi yakamtoka. "Miaka ishirini na minne, mwanangu. Siku nne tu nimetekewa."

Amparo akamfuta machozi kwa upindo wa sketi yake, akarudi barazani.

"Doming, nimekubali," akasema. Kisha akamgeukia baba yake. "Ila siku baba atakapoacha kumtekea mama maji, nitajua yatakayonipata, na nitarudi nyumbani siku hiyohiyo."

Kaka akalishika bega lake. Doming naye akaliangalia bega hilo kama mtu anayeangalia paa la nyumba yake mwenyewe wakati wa tufani.

Walioana, na sasa wana watoto wanne. Doming akija kutusalimu, kabla hajaketi humuuliza mkwewe bega linaendeleaje, na humletea dawa ya kuchua.

Kaka ana miaka sabini na moja. Anabeba ndoo moja, tena nusu. Juzi nikamwambia, "Kaka, Amparo harudi tena huyo, na unajua. Pumzika."

"Kweli, harudi," akasema, akachukua ndoo. "Lakini Bonifacia ameshachana nywele."