Mtungi wa Stoo ya Mashudu

Mimi ndiye niliyekuwa nakagua mitungi ya kuzimia moto pale Zuzu, kwenye kiwanda chetu cha kukamua alizeti. Mitungi kumi na minne. Kazi yenyewe haitaki shahada: kila mwisho wa mwezi unasoma mshale, unaangalia kama pini ipo, unaubinua mtungi kichwa chini na kuupigapiga ili unga wa ndani usigande, halafu unasaini kadi yake. Damas, fundi wa mashine na rafiki yangu wa miaka tisa, alikuwa akiniita mkunga kwa vile navyoigeuzageuza.

Sasa upepo wa Dodoma unaujua. Ikifika Agosti mlango wa stoo ya mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, unajibamiza kutwa nzima, na vibarua wakaona dawa yake ni mtungi: wakausimamisha pale uuzuie mlango. Niliwasema. Niliurudisha ukutani mara nne, wakauteremsha mara tano. Watu wazima na ndevu zao, unaongea wanakuchekea. Septemba nikasusa. Nilikuta mshale umeelekea mlangoni na kadi inaning'inia upande wangu, nikasaini bila kuusoma wala kuubinua mtungi. Oktoba hivyo hivyo. Hasira tu, hakuna kingine. Nilidhani nawakomoa.

Jumatano moja ya Novemba, saa sita mchana, mashudu yaliyolundikwa kabla hayajapoa yakashika moto. Wengi tulikimbilia nje. Damas akaunyakua ule mtungi wa mlangoni, akavuta pini, nilimwona kwa macho yangu haya, akaminya. Ukatoa pumzi moja na unga kiduchu, basi. Akautikisa, akasogea karibu, akaminya tena. Sakafu ile haikosi mafuta. Moto ukampanda kuanzia miguuni.

Siku ya pili nikaruhusiwa kumwona hospitalini. Mkewe, Emilia, alikuwa ametoka kwenda kuchukua uji. Damas alikuwa amefungwa bandeji mpaka shingoni, na sauti imebaki ya kunong'ona.

"Elisante, ule mtungi uliukagua?"

Nilikuwa na jibu la kweli, Mungu anajua. "Niliukagua, ndugu yangu," nikasema. "Ulikuwa mzima."

"Basi nimekosea mimi. Labda pini haikutoka yote."

Nami nikamwacha aamini hivyo. Nilijiambia akipata nafuu nitamweleza, mgonjwa habebeshwi habari nzito. Uongo mtupu. Niliogopa kufukuzwa kazi, na zaidi ya hapo niliogopa atakavyonitazama. Siku ya nne asubuhi akafariki.

Ofisini wakaandika kwenye ripoti kwamba mfanyakazi hakujua kutumia mtungi. Damas huyo, aliyekuwa akiwafundisha wageni wote! Niliisoma ile karatasi, nikairudisha mezani, nikatoka.

Tulimzika kwao Mvumi. Siku ya kuanua tanga nikaona siwezi tena. Nikamwomba Emilia atoke kidogo kwa wale akina mama, tukasimama nyuma ya nyumba.

"Shemeji," nikamwambia, "Damas hakukosea. Pini aliivuta. Mtungi ulikuwa umeganda, na mimi nilikuwa nasaini kadi bila kuugusa. Aliniuliza, nikamdanganya. Kesho naenda kwa meneja, wafute walichoandika, wanifukuze wakitaka."

Hakulia. Alinitazama mpaka nikatamani anizabe kofi, nipate pa kuanzia.

"Kesho," akasema.

"Nisamehe, shemeji."

"Zile siku mbili za mwisho, unajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa ananifundisha kutumia mtungi. Mikono imefungwa, ananielekeza kwa macho. Emilia, shika hapa. Emilia, vuta pini mpaka itoke yote, usije ukawa mzembe kama mimi. Namwambia lala baba, pumzika, anaanza upya. Wenzake wakija kumwona ananiambia nimfunike uso."

Nikaanza tena kumwomba radhi, akanikatiza.

"Umeniambia mimi," akasema Emilia. "Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa, mume wangu nilikuwa namjua. Yeye ndiye aliyekuuliza. Alikuwa anaona aibu, Elisante. Amekufa anaona aibu."