Dayodi ya Mama

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024. Asubuhi hii ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba na manyunyu hayakukatika. Nilitoka Bukoba kwa basi la kwanza kwenda nyumbani Muleba, kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga ya mama.

Mama alianguka mlangoni alfajiri, gizani, akafariki. Taa ya sola haikuwaka. Betri ilikuwa tupu. Lawama zikamwangukia Kokubanza, mjane wa mdogo wetu, aliyekuwa akiishi naye. Walisema aliimaliza betri kwa kuchaji simu za majirani, kwa hiyo aondoke kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo.

Mimi pia niliamini hivyo hadi juzi, kwenye darasa langu la jioni pale Bilele, mjini Bukoba. Mwalimu Mutembei alifundisha silikoni. Ikiwa safi kabisa, alisema, inapitisha umeme kidogo mno. Ikitiwa fosforasi, hata atomu moja kwa milioni, inapata elektroni za ziada na umeme unapita kwa urahisi. Silikoni nyingine hutiwa boroni, inayoacha nafasi za elektroni. Mbili hizo zikiungana ni dayodi: umeme unakwenda mbele, haurudi.

"Mzee Joackim, mbona umeacha kuandika?" Nancy wa dawati la mbele alicheka. "Kalamu imekuwa nzito?"

Nilikuwa nimekumbuka. Mwezi Agosti niliitoa dayodi iliyoungua kwenye sola ya mama, nikaunganisha waya moja kwa moja. Taa iliwaka. Nilimshukuru Mungu, nikarudi mjini. Tangu siku hiyo, kila giza lilipoingia, umeme wa betri ulirudi kwenye paneli na kupotea. Kiangazi jua lilifidia. Mvua zilipoanza, halikuweza.

Kikaoni kaka yetu mkubwa, Mugisha, alisema, "Kokubanza, funga mzigo."

"Waitu, jamani, betri niliikuta tupu kila asubuhi. Niliwaambia."

"Ulituambia ukiwa na simu ngapi mkononi?"

Watu wakacheka. Niliomba kimoyomoyo, nikasimama, nikaeleza yote. Kicheko kikafa.

"Na wewe ndiye msomi wetu," Mugisha alisema taratibu.

Kokubanza hakunitazama.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," nilisema, "Kokubanza habanduki hapa. Kesho nitafunga dayodi mpya kwa mkono wangu. Na popote atakapoitwa muuaji wa mama, nitasimama niseme ni mimi."