Uvimbe Jirani na Ateri

Daktari wa picha alimzuia shemeji yake asipasue, na hilo si jambo dogo, maana shemeji mwenyewe ndiye daktari mpasuaji, na mgonjwa alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji.

"Shemeji, uvimbe uko nyuma ya jicho, hata mtoto anauona," mpasuaji alisema kwenye simu. "Nakata kipande, tunapima, basi."

"Nipe muda nimrudishe kwenye skani."

"Wewe na skani zako, tutazeekea humu!"

Daktari wa picha alikata simu, lakini utani ule haukumchekesha. Ile dawa inayoingizwa kwenye damu ili mishipa ing'ae hupita mbio: kwanza ateri zinazotoa damu moyoni, halafu vena zinazoirudisha. Asubuhi picha zilichelewa kupigwa, kila mshipa ukaonekana mweupe sawasawa. Na uvimbe ulikuwa umebanana na ateri inayolisha jicho. Kama ni nyama tu, ukatwe. Kama ni ateri yenyewe imetuna, kisu kikiigusa, mama wa watu anaishia mezani.

Mgonjwa, fundi cherehani, alilazwa tena kwenye mashine huku akinung'unika. "Mwanangu, nilishajikaza. Mkiniacha nipoe, woga utanirudia."

"Nivumilie, mama. Usitikisike, hata mate usimeze."

Safari hii daktari hakumwachia mtu kitufe. Alisubiri dawa ifike shingoni tu, akabonyeza. Kwenye skrini ateri ziliwaka, vena bado giza. Na uvimbe uliwaka palepale pamoja na ateri.

Mpasuaji alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yake. Mzaha wote ulimwisha. Alivuta kiti akakaa, akaitazama mikono yake.

"Ningekata," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

Kipaza sauti kilikoroma. "Mnanong'ona nini huko? Nakatwa au sikatwi?"

Daktari alikwenda akamsaidia kuketi, akamweleza bila kumficha: si nyama, ni ateri iliyotuna, kisu kingeigusa angefia mezani, itazibwa kwa kupitia ndani ya mshipa, siku nyingine, jicho huenda likapona, huenda lisipone.

Fundi akamnyooshea kidole mpasuaji, aliyekuwa amefuata na kusimama mlangoni.

"Huyu asubuhi alitaka kuniahirisha, ana wagonjwa wengi," alisema. "Nikambembeleza. Nilimshika mkono, mwanangu, nikambembeleza anikate leo."

Ndipo fundi alipoanza kutetemeka.