Niko Tu

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, na sisemi hivyo ili nisifiwe unyenyekevu. Nilikuwa na kalamu mkononi, kiti chini yangu, na kivuli cha ukuta wa komini, ofisi ya serikali ya mji wetu, juu ya kichwa changu. Mbele yangu wanawake arobaini na mmoja walikuwa wamesimama juani, hatua tatu kati ya mmoja na mwenzake kwa sababu ya ndui, na mimi nilikuwa nikiwachekesha wanaume.

"Kazi yako?" nikamuuliza Zuwena, kana kwamba simjui.

Zuwena akaangalia chini. Mtoto wake alikuwa mgongoni, amelala, kisigino kimoja kimechomoza kwenye kitenge. "Niko tu," akasema.

Sylvestre, karani aliyetumwa kutoka Bujumbura, ambaye mimi nilikuwa mkalimani na mwandishi wake, aliinua uso. Kiswahili chetu kilikuwa kinampita kama upepo. "Anasema nini?" akaniuliza kwa Kifaransa.

"Anasema iko tu, shefu." Nikafungua viganja kama mtu anayeonyesha chumba kitupu. "Iko. Imeisha."

Wanaume waliokwisha kuandikwa wakaangua kicheko: washona nguo, wavuvi, wapiga ngoma wawili wa kundi langu. Sylvestre hakucheka. Alikuwa mtu mwenye karatasi nyingi na usingizi kidogo. "Sans profession, basi," akasema. "Hana kazi. Andika."

Nikaandika. Akaja wa pili, "Niko tu." Wa tatu, "Niko tu." Mara arobaini na moja niliandika kwamba mtu hana kazi, tena kwa mwandiko wa kupinda vizuri, ule uliosifiwa na mwalimu wangu wa darasa la sita. Kisha, chini kabisa, nikajiandika mimi mwenyewe: Asmani, artiste musicien, yaani msanii wa muziki. Nikaupigia mstari.

Ubaya wenyewe ni kwamba nilijua maana yake. Mtoto yeyote wa Rumonge alijua. Mwanamke wa ufukweni hataji samaki wake kabla hawajaingia guniani. Ukimkuta ameinama juu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, tangu alfajiri, mgongo umelowa, mikono imejaa magamba, ukamuuliza habari za kazi, atakwambia niko tu. Akitaja, anaita mvua. Kwa hiyo "niko tu" kwetu ilimaanisha nimeanika, nageuza, usinipotezee jua. Ilikuwa sentensi ya mtu mwenye kazi hadi shingoni.

Na nani alijua hilo kuliko mimi, niliyekula kwa sababu ya hao hao wanawake? Jioni za harusi nilikuwa Asmani wa gita, lakini asubuhi nilikuwa muita jua. Ndagala walianikwa juu ya majamvi ili wasishike mchanga, na iliwapasa wageuzwe wote kabla mawingu hayajatoka kwenye milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mimi nilisimama katikati na gita langu, nikaimba jina la mmoja mmoja, naye akajibu idadi ya majamvi yake yaliyo tayari. *Biasha ee!* Matano! *Esha ee!* Mawili, ninakuja! Aliyechelewa nilimtungia mstari wa kumtania, na wenzake wakamdaka kwa kiitikio mpaka mikono yake ikaota mbawa. Jua likizama, kila mmoja aliacha konzi moja ya ndagala kwenye pembe ya jamvi. Waliiita fungu la sauti. Hakuna siku niliyoiomba. Hakuna siku waliyoisahau.

Ndui iliingia mwaka wa nne tangu bendera yetu ipandishwe. Ilikuwa inazunguka nchi hizi zote za maziwa, na wengine walisema imeshuka na mtumbwi kutoka Kabonga, wengine imeteremka na basi kutoka Kabezi. Kila mtu aliileta kutoka kwa asiyempenda. Kwanza wakafunga soko. Kisha ufukwe. Kisha harusi, ngoma na maulidi. Nyumba yenye mgonjwa ilifungiwa kuti la mchikichi mlangoni, na mtu akipita aliongeza mwendo. Rumonge ikanyamaza, na harufu ya ndagala, ambayo wageni walikuwa wanaizibia pua, ikatoweka. Nikajikuta naitafuta hewani kama mtu anayetafuta funguo.

Ndipo likatoka tangazo kwamba wale ambao kazi zao zimesimamishwa na ndui watapewa unga, maharage na chumvi. Kazi. Hilo ndilo neno lililokuwa juu ya karatasi ya Sylvestre.

Magunia yalifika siku ya kumi tangu tuandikwe. Majina yalisomwa kutoka barazani. Washona nguo, wavuvi, wapiga ngoma. Artiste musicien. Nililibeba gunia langu begani kupita katikati ya mtaa, na nilikuwa nimeshaanza kupiga mluzi nilipoona kwamba wanawake wametoka milangoni na hakuna hata mmoja anayenisalimia.

Mwanvua alinifuata hadi kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa waanikaji, mjane mpana wa mabega, sauti yake ndogo kuliko mwili wake. Hakuingia. Alisimama hatua tatu, kama amri ilivyotaka.

"Asmani. Kwenye ile listi uliniandika nini?"

"Shangazi, si mimi. Karani ndiye..."

"Karani hajui Kiswahili. Weye ulizaliwa na nani, na karani?"

Nikajaribu mzaha. Yalikuwa mazoea yangu; mzaha ndio mlango wa nyuma wa kila nyumba nilimowahi kukwama. Nikamwambia kama angesema waziwazi kazi yake badala ya kuiogopa mvua, leo angekuwa anasonga ugali. Mwanvua aliniacha nimalize. Aliniacha hata nicheke.

"Kwa Zuwena kuna kuti mlangoni," akasema. "Tangu juzi. Bwana wake analala na ndui, yeye hana la kupika, na maziwa yamekauka. Mutoto tumeacha kumusikia analia." Akaokota pindo la kitenge chake. "Kalamu yako imetufunga midomo. Sasa tumia mdomo wako utufungue. Sikufundishi namna gani."

Asubuhi yake, jua lilipogusa mabati, nilikaa kwenye ngazi ya komini na gita. Kukusanyika kulikatazwa, lakini hakuna amri iliyokataza mtu kukaa mlangoni kwake, na mtaa wa Waswahili umejipanga ukitazama komini, mlango baada ya mlango, hadi karibu na maji. Nikaita jua, pale pasipokuwa na samaki hata mmoja.

*Mwanvua ee!*

Kutoka mlango wa mbali, ile sauti ndogo: "Majamvi saba!"

*Biasha ee!* "Matano!" *Esha ee!* "Mawili!" *Mariyamu ee!* "Sita, na nilikuwa nimeagiza la saba!" Walitoka mmoja mmoja, kila mtu kwenye kizingiti chake, wakijibu juu ya barabara tupu. Sikumtania yeyote. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga kibao kile kile cha siku zote, lakini bila ufukwe, bila mikono inayogeuza, wimbo ulisikika ulivyo: hesabu ya watu wanaofanya kazi.

Sylvestre alitoka na kikombe cha chai. "Hii ni nini?"

"Ni kazi yao, shefu. Niliikosea tafsiri."

Alisikiliza majina kumi bila kunywa. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi mpya, akaketi kwenye ngazi, hatua tatu kutoka kwangu. Akaniuliza kazi hiyo kwa Kifaransa inaitwaje. Sikujua, naye hakujua. Basi akaandika kwa Kiswahili, polepole, akiomba nimtajie herufi: *muanika ndagala*.

Nilimweka Zuwena mwisho. Labda niliogopa.

*Zuwena ee!*

Kuti la mchikichi mlangoni kwake halikutikisika. Nikaita tena. Mtaa mzima ulikuwa umesimama vizingitini ukitazama mlango mmoja. Mara ya tatu sauti yangu ilipasuka katikati ya jina.

"Matatu," akajibu Zuwena kutoka ndani.

Nilijua ana manne. Sote tulijua, mara ngapi nilimwimbia hayo manne yake, kwamba ameyapanga kama vyumba vya tajiri? Nikapiga uzi mmoja, nikasubiri ajisahihishe.

"Matatu," akarudia, na sauti haikuyumba. "La nne amelala nalo mutoto."

Maduka ya nguo yalikuwa yamefungwa kama mengine yote. Hakukuwa na pa kununua sanda. Wazee wawili walikuwa wamemchukua mtoto alfajiri, amefungwa ndani ya jamvi, bila matanga.

Kama ilikuwa ndui au njaa sikuwahi kuuliza, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nimebeba majibu yote mawili.

Miaka sita baadaye, mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, majina yaliandikwa tena kwetu, na waliosikia yao yakisomwa hawakurudi nyumbani. Hayo siyasimulii hapa. Hayana hata pembe moja ya kucheka, na mimi pasipo pembe hiyo sijui pa kushika. Sisi wengine tulivuka mpaka. Upande wa Tanzania tulipangwa mstari, na mbele yangu alikuwapo mwanamke ambaye mgongo wake niliutambua kabla ya uso. Hakuwa na kitu zaidi ya kitenge alichovaa. Karani wa pale, kijana mpole, akamuuliza jina, akamuuliza alikotoka, akamuuliza kazi.

"Muanika ndagala," akasema Zuwena, kwa sauti iliyofika mwisho wa mstari. "Majamvi manne. Andika yote."

Lakini nilikuwa nasema habari za gunia.

Unga wa wanawake ulifika siku ya kumi na sita, magunia arobaini na moja, na siku hiyo moshi ulipanda kutoka kila jiko la mtaa. Nikalibeba langu, ambalo nilikuwa sijalifungua wala kupata uso wa kulipeleka kwa mtu, nikalitua hatua tatu kutoka kwa Mwanvua. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo.

"Shangazi, hili ni lenu. Mpe Zuwena."

"Zuwena amepata lake. Umekula nini siku hizi zote?"

"Nimekula."

"Harusi zimefungwa. Ngoma zimefungwa. Fungu la sauti hakuna, ufukwe umefungwa. Umekula nini, Asmani? Nyuzi za gita?"

Mwanvua alichagua kijiwe kutoka kwenye maharage, akakitupa mbali.

"Peleka kwako," akasema. "Liliandikwa kwa jina lako."

"Shangazi, mnanitia aibu. Nyinyi ndio mnaofanya kazi. Mimi naimba tu."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwanvua alipandisha sauti ikatosha mwili wake.

"Hilo 'tu' sisi tumelila siku kumi na sita," akasema, "na Zuwena amelizika. Beba unga wako."