Yasmini Msimwache

Bi Somoe alipofariki hakuacha dhahabu wala shamba. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu mjini Bagamoyo, na uani makopo arobaini na moja ya maua. Nasema makopo kwa heshima tu: mengine yalikuwa sufuria zilizotoboka, mengine ndoo zisizo mpini, na moja lilikuwa sinki la kunawia, sijui limeng'olewa wapi. Bibi aliugua miezi saba, na kwa miezi hiyo yote wauguzaji walipita katikati ya makopo hayo bila mtu kukumbuka kwamba nayo yanakunywa. Mrithi alikuwa mwanawe Haidar, mkazi wa Vigwaza, naye funguo akamkabidhi Jasmin, binti wa marehemu kaka yake.

Jasmin hakuwa mtu wa maua. Alikuwa fundi cherehani Kerege, ana baraza lake na wateja wake, na ua alilolijua vizuri ni lile la kwenye kitenge. Lakini alikuja, tena kwa sababu ya neno moja.

Neno lenyewe alipewa siku ya msiba. Alifika akakuta maiti imeshaanza kuoshwa. Yeye, aliyelelewa na bibi huyo tangu ana miaka mitatu, hakumwahi. Akamshika baba yake mdogo mkono, akamuuliza kama bibi alimtaja. Haidar akamwambia, "Alisema, 'Yasmini msimwache peke yake, hakuzoea.'"

Bibi hakuwahi kumwita Jasmin. Jina hilo aliliona la watu wa kwenye televisheni. Kwake mjukuu alikuwa Yasmini tangu siku ya kunyolewa nywele. Basi Jasmin akalia kilio cha mtu aliyesamehewa. Arobaini ilipopita, alifunga baraza, akapakia cherehani, akahamia kwenye nyumba ya bibi yake. Aliyekumbukwa katika pumzi za mwisho hawezi kuacha maua ya aliyemkumbuka yafe.

Shukrani ni nzuri mdomoni. Mgongoni ni kitu kingine. Maji ya bomba yalitoka Jumanne na Ijumaa, tena yakijisikia. Siku nyingine Jasmin aliomba kwa jirani, akabeba ndoo moja baada ya nyingine mpaka viganja vikachubuka. Alikata matawi makavu, akamwaga udongo uliogeuka saruji, akachanganya samadi ya mbuzi, akapangusa wadudu weupe jani kwa jani kwa maji ya sabuni. Mirehani ilishika, ikafa, akapanda mingine. Mlangilangi ulitoa majani matano, ukaona inatosha. Wateja wa Kerege walipiga simu, wakachoka, wakatafuta fundi mwingine. Jioni alikaa kizingitini miguu imevimba, hana hamu hata ya kuinjika chai, akajiambia kuwa bibi alimkumbuka yeye. Kesho yake akainuka tena. Alichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, na kwa kweli hakuyapenda maua yale hata kidogo.

Mwezi wa nane tangu ahamie, akarudi Bi Kuruthumu, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa Pangani akimuuguza binti yake tangu kabla ya msiba. Jasmin alimpa shikamoo yake, naye akaitikia, akatoa pole, akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akaomba kuingia uani. Akapita akiyagusa makopo, akisifu. Mwishoni akasimama, akageuka huku na huku.

"Na Yasmini yuko wapi?"

"Si mimi huyu, bibi?"

"Si wewe, mwanangu. Yasmini wa Somoe. Yule asumini."

Akamweleza bila kujua anachokivunja. Sisi wengine tuna mpaka: ua husemwa usiliache, mtu ndiye husemwa usimwache. Bi Somoe mpaka huo hakuwa nao. Kwake Langilangi kanuna, Mrehani kalewa jua, Yasmini anadeka. Kabla ya kuugua, asumini alipata wadudu, bibi akamtenga nyuma ya bafu asije akawaambukiza wenzake, na kila jioni akawa anamsikitikia: maskini Yasmini, yuko peke yake, hakuzoea.

Walikwenda nyuma ya bafu. Kwenye karai lililoliwa na kutu kulikuwa na vijiti vilivyosukana, ambavyo Jasmin alivipita kila asubuhi kwa miezi minane akidhani ni kuni. Bi Kuruthumu alikwangua kimoja kwa ukucha akitafuta ubichi, akakwangua cha pili, akakwangua mpaka cha mwisho kabisa chini.

"Huyu kashakwenda," akasema, akaaga taratibu.

Jasmin alibaki amesimama pale. Aliona aibu, kisha hasira, kisha akaona wivu, ndiyo, wivu wa kuonea vijiti. Miezi minane ya ndoo, baraza lake na wateja wake, vyote kwa neno ambalo halikuwa lake. Akampigia Haidar, hata salamu hakumaliza.

"Baba, bibi alinitaja, au alitaja ua?"



"Mwanangu, sijui," Haidar akasema. "Siku mbili zile za mwisho hakutenganisha tena. Mimi mwanawe wa kumzaa alikuwa akiniita Mshubiri. Ananipapasa mkono, ananiuliza kama nimetiwa maji. Nikamjibu nimetiwa, mama. Wewe ulipouliza ulikuwa unatetemeka. Nikachagua."

Jasmin alicheka, maana ukimjua Haidar na uchungu wake, jina lilimkaa. Kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti. Baba yake mdogo hakukata simu. Naye alisikika akipenga kamasi.

Alipomaliza kulia akaingia ndani, akaitazama cherehani iliyofunikwa shuka. Angeweza kuondoka. Hakukuwa na wasia wa mtu wa kumzuia, na pengine haukuwahi kuwapo. Ilikuwa Ijumaa, bomba likaanza kukohoa uani. Jasmin akashika ndoo, mgongo ukiuma vilevile, akaanza na kopo la karibu na mlango. "Haya," akaliambia, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, "kunywa, mwenzangu."